Mdomo wa Sili

Mtaani walimwita Kiroboto, na si kwa udogo wa mwili. Ni kwa kuwa hakujua kukaa kitako. Hata kiti cha gereji yake alikifanya cha kuwekea makopo ya oili. Lakini asubuhi ile alizidi. Aliingia jikoni, akafungua friza, akachungulia, akaifunga. Akarudi gerejini uani, akaokota spana, akairudisha palepale alipoiokota. Mara yuko jikoni tena.

"Ukiifungua friza yangu mara nyingine nakufungia humohumo," mkewe alisema bila kugeuka.

"Beringi hazijapoa."

"Na samaki wangu je?"

Beringi mbili ndogo zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya samaki, na kava ya injini ya pikipiki ilikuwa kwenye oveni ya mama huyohuyo, imelala kwenye trei ya mikate. Ndiyo njia yake Kiroboto: kava ipate moto itanuke, beringi ipate baridi isinyae, kisha beringi itumbukie mahali pake bila kuonjeshwa nyundo. Mkewe aliyazoea mambo hayo, na keki zake zote zilikuwa na harufu ya oili kwa mbali. Siku nyingine angemtania. Siku hiyo hakuwa na utani.

Pikipiki yenyewe, ya kurukia matuta na kupita matopeni, ilikuwa ya binti yao. Jana alirudi nayo kutoka mazoezini, baba akachungulia kioo cha oili, akaiona oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hakuhitaji kuambiwa. Sili ya pampu ya maji, ule mpira wa kuzuia uvujaji, imekufa, beringi zimelegea, na maji ya rejeta yanaingia kwenye injini. Mashindano nayo ni leo mchana.

Sasa, uchungu wa mwana aujua mzazi. Msimu uliopita binti huyo, ambaye watazamaji wanamwita Kipanga, aliruka tuta akatua vibaya, akavunjika mtulinga. Tangu hapo mama hakutaka kusikia habari za mashindano. Baba alijitia ujasiri. "Mwache mtoto," alikuwa akisema, "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Maneno matamu hayo! Lakini wiki hii alikwenda kimyakimya kuliona tuta jipya la mwaka huu, akasimama chini yake akaangalia juu, na hofu aliyorudi nayo haijamtoka mpaka leo.

Kava ilitoka motoni, beringi zikazama ndani kwa mlio mdogo, tap. Zikabaki sili, na hapo ndipo shetani alipomkuta. Sili hizo mbili hukaa zikipeana mgongo, kama mume na mke waliolala wamenuniana: mdomo wa moja unatazama oili, mdomo wa nyingine unatazama maji. Ukiigeuza ya maji, kwa nje hutaona kitu. Lakini maji yatapita. Na sili za akiba hakuwa nazo. Angeapa kuwa alinunua pakiti mbili kwa tahadhari, ila asubuhi alikuta moja tu, akaitafuta ya pili hadi chini ya kabati asiione.

Akaishika sili ya maji, akaipaka grisi. Injini itachemka mzunguko wa kwanza, alijiambia, itazimika taratibu, mtoto atarudi mzima, atalaumu bahati. Akaigeuza. Akaisukuma ndani, akapitisha shafti, akafunga feni ya pampu juu yake. Alifunga bila mluzi, yeye ambaye hufunga kila injini huku anapiga mluzi.

Kipanga akaingia na mabuti yake.

"Shikamoo, baba. Imekubali?"

"Marahaba, mama. Imekubali." Hakumtazama. "Hukagui?"

"Nikague kazi yako?" Binti alicheka. "Baba, lile tuta naliruka bila kupunguza mafuta. Injini ikikaba ikazima niko hewani, mtanizoa kwa kijiko. Ingekuwa kazi ya fundi mwingine ningekagua hata usiku." Akaenda kuchukua kofia yake ngumu.

Ikikaba hewani. Hilo hakuliwaza, fundi mzima! Aliiona injini ikichemka kwa adabu kando ya njia. Hakuiona ikikaba juu ya tuta. Alitaka kumzuia mwanawe asianguke, kumbe ndiye anayemsukuma. Akaishika tena spana.

Binti aliporudi alimkuta keshachomoa feni na shafti, anaing'oa sili kwa bisibisi. Mpira ukachanika.

"Baba! Unafanya nini?"

"Niliigeuza," alisema. "Kusudi. Niliogopa lile tuta, nikataka ikuzimikie njiani urudi nyumbani."

"Ningekufa, baba."

"Najua. Sasa najua."

Kipanga alipangusa macho kwa kiganja. "Weka nyingine."

"Hakuna nyingine."

"Ipo," alisema mama. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mweupe kwa unga, kiganjani ameshika pakiti ya sili. "Niliificha kwenye kopo la unga. Nilijua bila sili kazi itakwama."

Kiroboto alimkodolea macho. "Ukachukua moja, ukaniachia moja?"

"Niliiona moja tu mezani! Ningejuaje kama uko na akili ya kununua mbili?"

Siku yoyote nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Binti hakucheka. Aliichukua pakiti, akaipuliza unga.

"Naomba mnipishe kwenye mwanga."

Akaipaka sili grisi, akauelekeza mdomo wake kwenye maji, akaisukuma mwenyewe. Shafti, feni, gasketi, kava, kila kitu kwa mkono wake. Akajaza oili, akajaza maji, akawasha, akachuchumaa kutazama kitundu kilicho chini ya pampu, ambapo sili mbovu hulia machozi. Baba akakimbilia tochi ili ammulikie.

"Kaa, baba."

Ikabidi aondoe makopo ya oili kwenye kiti. Akakaa.

Kitundu kilikuwa kikavu. Binti akafungia spana zote kwenye sanduku la baba yake, ufunguo akautia mfukoni, akavaa kofia.

"Nawapenda," alisema. "Pikipiki yangu msiiguse tena."

"Nenda salama, mwanangu," mama alisema, lakini injini ilikwisha nguruma.

Walisikiliza mlio mpaka ukaishia mbali. Mguu wa Kiroboto ukaanza kucheza. Mkewe akamshika goti, ukatulia kidogo, ukaanza tena. Alitaka kuinuka atafute cha kushika, chochote, hata spana moja. Sanduku lilikuwa limefungwa, na ufunguo uko njiani kwenda kwenye tuta.