Dakika Moja ya Babu Sirili

Gladys alipopata A kwa video yake ya dakika moja, nyumba ya Bibi Bernadetha ilishangilia siku nzima. Hata ng'ombe alipewa chumvi.

Gladys alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu huko Dar, akisomea habari na mawasiliano ya umma. Bibi yake hakuelewa vizuri mtu akimaliza masomo hayo anafanya kazi gani, lakini wanawake wa jumuiya walipomuuliza alijibu kwa kujidai, "Anasomea namna ya kuongea na watu."

"Mpaka aende chuo?"

"Mpaka digrii."

Video yenyewe ilipigwa likizo ya Agosti, hapohapo kijijini kwa bibi, Kirua Vunjo. Mwalimu aliwataka wanafunzi wamhoji mzee mmoja, ila video isizidi dakika moja, kwa kuwa watazamaji wa siku hizi hawana subira. Gladys akavuka mfereji kwenda kwa Babu Sirili, mdogo wake marehemu babu yake, akamuuliza kuhusu ndoa. Mzee alivua kofia, akazungumza mpaka ndama wakaanza kulia njaa. Mwisho akasema kuhusu marehemu mkewe, "Justina alinitesa. Alinitesa siku moja tu, ile aliyoniacha. Mpaka leo sijapona."

Yote hayo hayaingii kwenye dakika moja. Gladys alikata hapa, akakata pale, na kilichobaki mwishoni ni mzee mwenye kofia mkononi, mlima nyuma yake mweupe kama umefuliwa, akisema, "Justina alinitesa." Kisha muziki.

Mwalimu aliandika kwamba binti ana jicho la uhariri. Mtandaoni watu walicheka mpaka wakachoka. Sirili akienda sokoni, watoto walimwita, "Babu, pole, alikutesa!" Flavia, mdogo wake Justina anayeuza vitenge mjini, Pasua, alimpigia simu mara moja tu, kumuuliza kama ndivyo anavyomlipa dada yake kaburini. Hakupiga tena.

Gladys aliporudi likizo ya Krismasi, alikuta Babu Sirili hakanyagi tena kwa bibi yake.

Tangu Bernadetha afiwe na mume, Sirili alikuwa akimletea majani ya ng'ombe kila asubuhi, kisha anaketi kwenye kigoda jikoni, anakunywa chai na kulalamika kwamba sukari haitoshi. Sasa kigoda kilikuwa kitupu. Majani, hata hivyo, yaliendelea kuja. Asubuhi Bernadetha alisikia mzigo ukidondoka puu! ndani ya ua, na hatua zikiondoka bila hodi. Akiufungua, alikuta mwenye mzigo ametoa miiba yote kama siku zote. Mtu akikasirika na bado akakumbuka miiba, aliwaza, huyo hajaenda mbali.

Mbuzi wa Krismasi alikuwa ameshafungwa nyuma ya nyumba. Wa kumchinja na kumgawa, kila mtu na kipande chake kwa mila ya ukoo, alikuwa Sirili. Bila yeye, wanaume waliozaliwa mjini wangemkatakata kama wako buchani, na wakubwa wangenuna mpaka Pasaka. Lakini hata hayo Bernadetha angeyavumilia. Alichotaka ni shemeji yake arudi kwenye kigoda chake, na mjukuu wake asirudi chuoni akiwa ameacha mtu analia.

"Umemwomba radhi?" alimuuliza Gladys.

"Nimeomba, bibi. Nimetuma tamko kwenye kundi la ukoo." Akasoma kwenye simu: "Kufuatia video iliyosambaa mitandaoni, napenda kuwataarifu wanafamilia wote kwamba nimesikitishwa na usumbufu uliojitokeza."

"Ulijitokeza wenyewe?"

"Ndivyo tunavyofundishwa, bibi. Unatulia, hutaji kosa."

"Hilo ni tangazo la kukata maji," alisema Bernadetha kwa upole. "Hapa kwetu aliyekosa anapeleka isale." Akamwonyesha ule mmea wa majani marefu uliozunguka kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani. "Ukimpelekea jani hilo uliyemkosea, hata awe na hasira namna gani, lazima akusikilize."

Gladys aliruka kwa furaha. Alitoka mbio, akachagua jani lenye umande, akalifunga fundo, akalipiga picha ya karibu huku migomba ikififia nyuma. Akaituma kwenye kundi la ukoo.

Jioni ilipigwa simu. Alikuwa Thadeus, mtoto wa Sirili, ambaye ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake mambo ya kwenye kundi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Mzee ameiona?"

"Ameiona." Thadeus alikohoa. "Anasema picha ni nzuri sana, na ameisamehe. Gladys ndiye bado hajamwona."

Bernadetha alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Gladys hakucheka. Aliifungua ile video, akaitazama, na kwa mara ya kwanza hakuangalia mwanga wa picha, aliangalia uso wa mzee.

"Bibi, ile sentensi nyingine niliisikia," alisema. "Niliisikia vizuri nikaikata. Niliona ikiwa fupi inachekesha."

"Basi hayo ndiyo ukamwambie."

Asubuhi wakajiandaa kwenda.

"Simu iache," Bernadetha alisema.

"Nitaishika tu, bibi, sitaiwasha."

"Iache na mbuzi."

Walimkuta Sirili zizini, amewapa mgongo. Gladys alipiga magoti kwenye majani makavu, jani la isale mikononi.

"Shikamoo babu."

Mzee alimalizia kwanza kukamua. "Marahaba. Umekuja mwenyewe, au nayo ni picha?"

"Nimekuja mwenyewe. Babu, nilisikia uliposema ni siku moja tu. Nikakata hapo ili watu wacheke. Nimekukosea wewe, nimemkosea na bibi Justina."

Sirili alilitazama lile jani. Kisha akalipokea kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye paa la zizi.

"Flavia utamweleza wewe. Kwa mdomo, uende Pasua."

"Nitaenda, babu."

"Haya, kaa. Sasa sikiliza, na mkasi nisiuone."

Akaanza upya. Alisimulia Justina alivyotoka kijijini kwao, Kwa Sadala, akaletwa bi harusi mvua ikinyesha, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope. Alisimulia mwaka yeye mwenyewe alipougua, mkewe alivyompikia mayai kila siku akisema kuku wanataga vizuri, kumbe kuku walishauzwa na mayai anayaomba kwa majirani. Hapo Bernadetha aliinamisha kichwa, kwa kuwa baadhi ya mayai hayo yalitoka jikoni kwake na hakuwahi kusema. Mzee alipofika siku ile moja ya mateso, sauti ilimkatikia yenyewe. Mikono ya Gladys, iliyozoea simu, haikujua pa kukaa. Mwisho ikaushika mkono wa babu yake.

Sirili alijifuta uso kwa kofia. "Basi. Hapo nilipolia ukate. Kwingine weka kote."

Gladys alimtazama bibi yake. "Babu, sikurekodi."

"Nini?"

"Simu nimeiacha kwa mbuzi."

"Shemeji!" Sirili alisimama. "Nimesema asubuhi nzima, nimelia na kulia, bure? Huyu mtoto anasomea nini huko?"

"Namna ya kuongea na watu," Bernadetha alijibu.

Kesho yake Bernadetha alisikia hodi mlangoni. Sirili aliingia na mzigo wa majani begani, amevaa koti lake la harusi na tai. Aliweka mzigo chini, akapangusa kigoda, akaketi, akanyoosha tai, akamkazia macho Gladys kama mtu aliyecheleweshewa kazi yake. Gladys akawasha simu. Bernadetha akaleta chai.

Mzee alionja, akakunja uso. "Shemeji, sukari haitoshi."

"Hiyo," Bernadetha alimwambia mjukuu wake, "usiikate."