Nati Saba

Nimechoka, na nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunipa pole katikati ya maneno. Mchana natengeneza simu za watu: vioo vilivyopasuka, betri zilizovimba, matundu ya chaji yaliyojaa vumbi la mifukoni. Jioni na siku za mapumziko natengeneza kontrola, zile za kuchezea gemu, kwa watu ambao mikono yao haifuati amri. Kontrola ya dukani inamtaka mtu mwenye vidole kumi vinavyosikia. Wateja wangu tisa hawana vidole hivyo. Mmoja anacheza kwa goti na kidevu. Mwingine, mwalimu mstaafu, anapiga vitufe kwa kiwiko na kunitukana kwa adabu kila springi inapolegea. Wa kwanza wao wote ni mdogo wangu.

Mtaani wanamwita Kepteni. Alikuwa kepteni wa timu ya mtaa, beki mwenye maneno mengi kuliko mbio, na kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha ya chuma. Miaka sita iliyopita alianza kuangusha vitu. Tukamcheka. Aliangusha nyundo, tukasema ni mapenzi. Aliangusha kikombe cha chai, tukasema ni usingizi. Siku alipoanguka yeye mwenyewe kwenye sakafu kavu, hakuna aliyecheka. Daktari alituambia ni ugonjwa wa misuli, unachukua kidogo kidogo. Hauna haraka, ila haurudishi ulichokichukua.

Alichobakiwa nacho ni Jumamosi. Kila Jumamosi saa kumi jioni anacheza gemu ya mpira na Kinyozi, rafiki yake wa tangu shule, aliyekuwa winga wa timu ileile na sasa amehamia mji mwingine kunyoa vichwa vya watu. Wanacheza kwa intaneti, kila mmoja kwake, wakirushiana maneno kwenye spika. Kinyozi anajua kuwa Kepteni yuko kwenye kiti cha magurudumu. Zaidi ya hapo hajui, kwa sababu Kepteni hataki. Aliniambia mara moja tu: "Siku nitakayoshindwa kubonyeza, usimweleze mambo mengi. Mwambie nimechoka na mchezo."

Kwa hiyo kazi yangu, ukiondoa mbwembwe zote, ni kuhakikisha kwamba siku hiyo haiwi Jumamosi hii.

Nguvu ya kidole haiulizwi. Mtu atakudanganya kwa aibu au kwa kiburi, na springi haijui aibu wala kiburi. Mimi napima. Nina kimbao kilicholala juu ya msumari kama bembea ya watoto. Upande mmoja naweka nati, zile kubwa za kufungia boliti za kitanda cha chuma. Upande mwingine mtu anaweka kidole na kukandamiza. Nati anazoweza kuziinua mara kumi bila kupumzika ndizo naziandika kwenye daftari. Kisha nikirudi dukani natengeneza kitufe, nakipandishia nati zilezile moja moja mpaka kilie tik. Kikilia kabla nati hazijaisha, kimefaa.

Dole gumba la kulia la Kepteni, la kupiga shuti, lilianza na nati kumi na mbili. Likashuka kumi, tisa, saba. Siku liliposhuka hadi saba alikataa chakula kutwa nzima, na Jumamosi yake akafungwa sita bila. Miezi mitatu baadaye nilimpima tena, na dole likaikataa ya saba. Nilimwona alivyobana meno, mishipa ya shingo imemtoka kwa ajili ya kipande cha chuma kisichojaa kiganja. Nikasema nati imeteleza. Nikageuka, nikatoa moja ya chuma nikaweka ya alumini, inayofanana nayo kwa macho lakini uzito wake ni kama theluthi. Akainua.

"Saba," nikasema. Nikaandika saba.

Tangu hapo, kila alipodhoofika nilibadilisha moja. Mwaka mmoja na nusu daftari linasema saba, saba, saba, na springi nikazilegeza kimyakimya kwa hesabu niliyoiweka kichwani mwangu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake hawakusema kitu, ingawa nadhani walikuwa na maoni. Mwezi uliopita nati zote saba zilikuwa za alumini, na sikuwa na nyingine ya kubadilisha.

Wiki hiyo kisanduku cha kontrola yake kikapasuka, nikalazimika kuunda kipya. Simu zilikuwa zimenijaa mezani, mwalimu mstaafu ananidai kiwiko chake, na mimi usingizi naupata kwa kuiba. Nilikata plaiwudi, nikatoboa, nikalehemu nyaya huku macho yananifumba. Kila kitufe nilikitengeneza kwa kufuata daftari, kama ninavyofanya kwa wateja wote. Dole gumba la kulia: saba. Nikachukua nati saba za chuma kutoka kwenye kopo la dukani, nikazipandisha. Kitufe kikalia kwenye ya sita. Nikaridhika. Uongo wangu mwenyewe niliusoma kama maandishi ya mtu mwingine, tena mwaminifu, na sikushtuka hata kidogo.

Jumamosi saa nane nilifika nyumbani na kisanduku kipya chini ya kwapa. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Kepteni alikuwa ameshanyolewa ndevu na kuvishwa jezi, ameelekezwa kwenye televisheni kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Fundi wetu huyo," akasema. "Leo umewahi. Nani kafa?"

"Nyamaza, nikufunge mkanda."

Niliweka kisanduku kwenye meza ya kiti chake, nikamrekebishia kijiti cha kidevu, nikavipanga vidole vyake viwili vya kushoto juu ya kitufe cha pasi. Dole gumba la kulia nikaliweka juu ya kitufe cha shuti, kile chekundu. Alijaribu kukimbia, mchezaji akakimbia. Akajaribu pasi, ikaenda. Akajaribu shuti.

Mchezaji alisimama na mpira mbele ya goli. Kepteni akabana meno. Nikaona ile mishipa ya shingo. Mchezaji bado amesimama, beki akaja akauchukua mpira taratibu kama anaokota kitu chake.

"Kipya bado, kigumu," nikasema.

Akajaribu tena. Akajaribu kwa kuinamisha bega ili uzito ushuke kwenye mkono. Mara ya tano jasho lilikuwa limemlowesha juu ya mdomo. Akaliacha dole likae pale juu ya kitufe, halifanyi kitu.

"Dada," akasema, bila kunitazama. "Mpigie Kinyozi. Mwambie nimechoka na mchezo."

Mama aliacha kukunja nguo. Sikujua kama naye aliwahi kuambiwa maneno yale, lakini nilivyomwona ameishika shuka kifuani, nikajua anayajua.

Hapo ndipo usingizi uliponitoka, na nikaona nilichofanya. Ningeweza kudanganya tena. Ningesema springi mbovu, nikakaa pembeni na koleo, nikalegeza, nikarudi na uso wa fundi. Njia ilikuwepo, nimeipita mwaka na nusu. Lakini nilikuwa nimechoka, na kuna uchovu unaofika mahali hata uongo unakuwa mzigo wa kubeba.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nimekitengeneza kwa nati saba."

"Si ndizo zangu? Saba."

"Sizo. Zile ninazokupimia si chuma. Ni alumini. Nilianza na moja, nikaendelea, sasa zote saba. Nilikuwa nakudanganya. Halafu juzi kwa kuchoka nikasahau kwamba nadanganya."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane. Kepteni akavuta pumzi ndefu, akacheka kwa pua.

"Dada, nimechomelea chuma miaka kumi na moja. Unadhani sijui mlio wa alumini ukianguka mezani?"

Nikakaa chini, juu ya nguo alizozikunja Mama.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza. Umegeuka na makalio yako yote, unahangaika kwenye begi, nati inalia kama kifuniko cha sufuria. Nikasema huyu anafanya nini?"

"Na ukanyamaza!"

"Ulikuwa unafurahi sana ukiandika saba," akasema. "Nikaona nisikuvunje moyo."

Mama akatikisa kichwa. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akasema. "Mimi ninao wawili, wanacheleana." Akanivuta niondoke juu ya nguo zake, akaenda kuleta maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyaomba. Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira, mwaka na nusu nimejibebesha siri ambayo mwenyewe alikuwa amejibebesha upande wa pili, kila mmoja anamwonea huruma mwenzake mpaka yeye akabaki bila kitufe.

"Zile za chuma unazo?" Kepteni akauliza.

Zilikuwa kwenye begi. Nilitoa kimbao, nikaweka moja. Akainua mara kumi. Nikaongeza ya pili. Aliinua, akashusha, nikawa nahesabu kwa sauti. Mara ya nane mkono ukaanza kutetemeka, mara ya kumi akaachia. Nikaweka ya tatu. Kimbao hakikutikisika.

Tulikitazama wote wawili.

"Sema," akasema.

"Mbili."

"Andika."

Kuandika saba hakujawahi kunichukua muda. Hiyo mbili niliiandika polepole, na Kepteni akanyoosha shingo kuhakikisha.

Saa tisa na robo. Springi laini kiasi hicho sikuwa nayo. Nikakumbuka kipanya cha kompyuta kilichokuwa kwenye begi langu, cha mteja asiyerudi kukichukua tangu msimu wa mvua. Nikakipasua. Ndani yake mna swichi ndogo ambayo hata mtoto mchanga ataibonyeza kwa kuilalia. Niliing'oa, nikaomba pasi ya kulehemu ipate moto haraka, nikaunguza kidole, nikatukana, Mama akanikemea kutoka jikoni. Kitufe chekundu nikakiweka juu yake. Nikapandisha nati moja, kimya. Ya pili, kabla sijaiachia vizuri, tik.

Saa kumi kasorobo dole lake lilikuwa mahali pake.

Kinyozi aliingia kwenye spika akipiga kelele. "Kepteni! Leo nimeamka na hamu ya kukuaibisha mbele ya mama yako!"

"Mama yangu amekuona ukilia golini, hana habari na wewe."

Wakaanza. Ndani ya dakika mbili mchezaji wa Kepteni alipiga shuti kutoka katikati ya uwanja, bila sababu, mpira ukapaa hadi kwa mashabiki. Mkono wake ulikuwa umetetemeka tu. Kitufe kilikuwa chepesi mno sasa, kinasikia hata alichokuwa hajaamua.

"Ndiyo nini hiyo?" Kinyozi akauliza. "Unapiga salamu?"

Nilinyoosha mkono niibandike karatasi chini ya kitufe ili kikaze kidogo. Kepteni akanikatalia kwa macho. Akaacha dole likae pembeni ya kitufe badala ya juu, na kila alipotaka shuti alilisogeza, likaporomoka lenyewe. Alikosa mara nne. Alifungwa matatu. Dakika za mwisho alimpita beki, dole likaporomoka kwa wakati, mpira ukagonga mlingoti ukaingia. Mama alipiga kigelegele kilichomfanya Kinyozi aulize kama kuna harusi.

"Umebadilika, Kepteni," Kinyozi akasema mchezo ulipoisha. "Shuti zako leo sizielewi. Kuna nini?"

Nilimtazama mdogo wangu. Angeweza kusema mtandao. Watu wote husema mtandao.

"Dole limeisha," akasema. "Nina nati mbili."

Kinyozi akadakia: "Mbili za nini?"

"Za kukufungia wiki ijayo. Utaelezwa, kaa hapohapo." Akamweleza. Alimweleza kuhusu kimbao, alumini na mimi nilivyogeuka na begi, na Kinyozi hakumkatiza hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu wafahamiane. Mwishowe akauliza tu kama Jumamosi ijayo ni saa ileile. Kepteni akamjibu, "Kwani nina saa nyingine?"

Spika ilipozimwa nilianza kufungua mkanda. Kichwa chake kilikuwa kimelala pembeni kwa uchovu, na changu kilikuwa kinagonga.

"Baada ya mbili ni moja," akasema.

"Ndiyo."

"Na baada ya moja?"

Nilizungusha bisibisi mkononi. "Nyusi," nikasema. "Nina mteja anachezea nyusi. Unabandika kitu hapa juu ya jicho, ukizipandisha kinahisi."

"Basi anza sasa. Wewe kazi zako ni za kuchelewa, utanikuta nimeshafungwa."

"Sasa hivi? Nimechoka."

"Mimi je?"

Nikafungua daftari. Chini ya ile mbili nikaandika Nyusi, nikapiga mstari. Kepteni aliinua kichwa, akanitazama usoni, akazipandisha nyusi zake zote mbili mpaka paji likajaa mikunjo, akazishusha, akazipandisha tena.

"Hesabu," akasema. "Na usigeuke."