Flopi za Mwalimu Shikanga

Fundi Masinde wa Kakamega mjini alikuwa amefungua flopi zote thelathini za marehemu Mwalimu Shikanga, diski za kale ambazo panya walishazionja pembeni. Musimbi, bintiye marehemu, alitaka faili moja tu: hotuba ya harusi yake, ambayo baba aliiandika akafa kabla ya kuisoma.

"Nimetafuta 'harusi', mama. Hakuna kitu," fundi akamwambia.

Musimbi akafikiri. Baba aliandika jinsi alivyotamka, na ulimi wake wa Khwisero haukutofautisha r na l. Tangu utotoni Musimbi alimsahihisha, hata mbele za wageni.

"Hebu jaribu 'halusi'."

Faili ikajitokeza, nzima. Wakainamia kioo cha kompyuta.

"Musimbi mwanangu," ilianza, "reo tafadhari usinisahihishe."