Jini Mla Bada

Umeme ulikuwa umekatika. Jikoni, nilikomfunikia mume wangu bada, ugali wa muhogo, kifuniko cha sufuria kikalia. Punde shemeji yangu Mhina, ambaye huona majini siku zote isipokuwa za kulima, akaingia sebuleni tulimokaa akihema.

"Mmesikia? Jini wa mkonge huyo. Nimemwona kwa macho yangu. Hufuata wanawake wanaotoka baada ya magharibi."

Mama mkwe akanigeukia. "Mama Munira, masomo ya jioni basi."

Nilibakiza mtihani mmoja tu. "Ametoka kwenye mkonge wa Ngombezi mpaka hapa Chanika kunifuata mimi? Nauli kampa nani, shemeji?"

"Cheka tu."

Umeme ukarudi. Munira wangu akamtazama Mhina.

"Baba mdogo ana bada kwenye ndevu."