Habari ya Mama Didier kwa Kikorea

Avenue nzima humwita Mama Didier. Jina la Hélène limebaki kwenye kadi ya uchaguzi tu. Alipozaa mtoto wa kwanza, jina la mtoto likawa jina lake, kama ilivyo kwetu, na tangu hapo ameitika kwalo sokoni, kanisani na msibani. Msomaji ashike hilo, maana ndilo lililomchoma siku ile.

Mwanzoni alifurahi, tusimsingizie. Binti yake Falone alikuwa anasoma Kikorea chuo kikuu, hapa hapa Kindu, na katika ukoo wao nani alikuwa ameshazungumza lugha ya mbali hivyo? Falone alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, huku waya za telefone ziko masikioni. Mwanamke wa Kikorea anasema ndani ya telefone, Falone naye anasema juu ya sauti yake papo hapo, hangoji amalize, mchi unapanda na kushuka pamoja na maneno. Profesa wao, Rémy, aliyekaa kule miaka mingi, ndiye aliyewafundisha hivyo: ulimi ukimbie nyuma ya sauti mpaka uache kujikwaa.

"Falone, hiyo sombe itatoka na ladha ya Seoul!" Mama Ramla, jirani yao, alimtania kutoka ng'ambo ya ua.

"Njo mutainunua bei kali, Mama Ramla!"

"Mimi? Nitakula hapo hapo kwenu, tena bure!"

Falone alimweleza mama yake kwamba kule mtu hawezi kusema na mukubwa kama anavyosema na rafiki yake. Hata mwisho wa neno unabadilika kwa heshima.

"Basi njo lugha ya watu wenye adabu," Mama Didier akasema, na roho yake ikatulia. Lingekuwa jambo la kucheka, kama lisingekuwa la kulia.

Mwaka wa mwisho profesa akawaambia habari za soko na hali ya hewa zimekwisha. Mwanafunzi wa ngazi ya juu anasimama mbele za watu, hana karatasi mkononi, anasema muda mrefu juu ya jambo zito, sababu yake na uchungu wake. "Muniletee jambo ambalo kinywa chenu hakijazoea kulisema," akawaambia. "Hapo njo nitajua kama munasema ao munakariri."

Sasa, mtoto wa miaka ishirini na kitu atatoa wapi jambo zito? Anaingia jikoni kwa mama yake na kulichukua.

Maana Falone alikuwa nalo. Siku moja alikuwa ameuliza kwa nini kaka yake Didier hafanani na marehemu baba yao, Papa Okito, hata ukucha. Mama Didier akaona huyu ni mwanamke sasa, akamwambia. Wakati wa vita yeye alikuwa msichana, anauza chumvi kwa wachimba dhahabu wa mji wa Kama. Askari wakapita, wakawakamata wasichana wawabebee mizigo msituni mpaka kuupita mji wa Pangi. Alirudi Kindu na mimba. Okito, fundi cherehani, akamwoa na mimba hiyo hiyo, akampa mtoto jina lake, na mpaka anakufa hakuna siku alimtenga Didier na wengine.

"Didier hajui," alimwambia Falone. "Mutoto hawezi kuambiwa vile kwa haraka. Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele hajapeleka mali ya ndoa, ile mahari, kwa wazazi wa muchumba wake. Hii neno ni yangu na yako."

"Ndiyo, Mama."

Ndiyo, Mama! Kumbe.

Siku ya wazazi sale, ule ukumbi wa chuo, ilijaa. Mama Didier alikuwa amevaa kikwembe kipya, kitenge cha sikukuu, Mama Ramla yuko pembeni yake anajipepea. Wanafunzi wakapanda mmoja mmoja, wakaongea Kikorea chao, wazazi wakapiga makofi ya kusikia sauti tu. Zamu ya Falone ikafika. Aliinama kwa heshima, akaanza, na maneno yakatoka mfululizo kama maji ya bomba.

"Angalia mutoto!" Mama Ramla akanong'ona. "Hata hamezi mate!"

Mama Didier alikuwa anacheka, ndipo aliposikia "Kama". Akafikiri labda ni neno la kule. Kisha akasikia "Pangi". Kisha, wazi kabisa, katikati ya Kikorea chote kile: "Mama Didier."

"Eh! Amekutaja!" Mama Ramla akapiga makofi.

Lakini Falone hakuwa anamwangalia mama yake. Waliomwangalia ni wale wanafunzi waliokaa mbele, wenye kuelewa. Waligeuka mmoja, wakageuka wawili, msichana mmoja anafuta machozi, halafu wote wakainamisha macho haraka, kama watu walioingia chumbani wakamkuta mtu hajavaa. Mama Didier alijua. Hakuhitaji mtafsiri. Alikaa pale na kikwembe chake kipya, watoto wa watu wanamhurumia, wazazi wao wanampigia makofi.

Alimpata Falone nje, mlangoni.

"Ulisema nini mule?"

"Mama, ni Kikorea. Nani hapa Kindu anasikia Kikorea?"

"Nimekuuliza ulisema nini!"

Falone akakibana kwapani cheti alichopewa. Profesa Rémy akaja anacheka, mikono imenyooshwa. "Mama, pongezi! Falone amekuwa wa kwanza. Hakusimama hata mara moja, na ule uchungu, Mama, ule uchungu haufundishwi!"

"Uchungu wa nani, Profesa?"

"Wa... wa inchi yetu, Mama. Watu wa kule wanapaswa kujua."

"Inchi haikubeba mizigo kule Kama. Nilibeba mimi. Weye unawafundisha kuinamia wakubwa, kubadilisha mwisho wa neno kwa heshima, halafu mukubwa mwenyewe munamuvua nguo mbele ya watu na kumupigia makofi? Uliniuliza? Ulituma hata mutoto mudogo kuniuliza?"

Profesa alijikuna shingo. "Mama, nilifikiri Falone amekuomba ruhusa. Hata ile video ya mazoezi tuliyotuma sasa hivi kwenye kikundi cha wazazi, tuliandika Kifaransa chini, kusudi familia zote zielewe..."

"Video gani?"

Falone akashika kichwa. "Mama... kwenye kikundi, wewe huna telefone ya picha. Niliandikisha nambari ya Didier."

Mama Didier hakungoja lingine. Alisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, akapanda na kikwembe kimekunjwa magotini. "Nipeleke mtaa wa Kasuku, pale wenye pikipiki wanapopakia watu karibu na soko. Mbio, mwanangu!"

Njiani alitafuta maneno. Alikuwa ameyapanga miaka mingi: atampikia samaki, ataketi naye, ataanza na Okito, na wema wa Okito, ndipo arudi nyuma polepole. Sasa walikuwa wamemnyang'anya mpaka pa kuanzia.

Didier alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kati ya wenzake wa kubeba abiria, telefone mkononi, meno yote nje.

"Mama! Wananiambia Falone ameshinda! Kuna video, lakini réseau, huu mtandao wa leo, eh, inazunguka tu."

Kweli kile kiduara kilikuwa kinazunguka katikati ya uso wa Falone.

"Njoo tuende pembeni."

"Ngoja ifunguke kwanza, Mama, nataka hawa wajinga wamuone dada yangu."

"Didier. Njoo."

Aliposikia sauti ile alishuka. Wakasimama nyuma ya kibanda cha mafuta, na Mama Didier akamwambia. Hapakuwa na samaki wala pa kukaa. Alimwambia Kama, mizigo, msitu, mimba, Okito, akisema mbio, huku anaangalia kile kiduara mkononi mwa mwanawe. Alikuwa ametaja jina la Okito kwa mara ya pili video ilipofunguka, sauti ya Falone ikaanza, tamu, haina kikwazo. Didier aliiacha iseme kidogo, akisoma Kifaransa kilichoandikwa chini. Kisha akaizima.

"Papa alijua?"

"Alijua mbele hujazaliwa. Alikuchagua."

Didier alirudisha telefone mfukoni. "Na wale wote kwenye sale, wamejua mbele, mimi nyuma."

"Ndiyo. Na hilo sitalisamehe upesi."

Falone akafika na pikipiki nyingine, anahema, cheti bado kiko kwapani. Kaka yake akamgeukia.

"Weye njo bingwa wa kusema. Haya, sema. Sema kwa Kiswahili, mbele yangu, ile uliyowaambia wao."

Falone alifungua kinywa. Akakifunga. Akafungua tena. "Kaka..." na hapo akakwama, yule wa kwanza wa kalasi nzima, hana hata sentensi moja ya lugha aliyonyonya.

"Nilijua tu," Didier akasema. Akawasha pikipiki. "Mama, panda. Na weye panda. Hapa watu wanaangalia."

Wakaenda wote watatu juu ya pikipiki moja. Kwenye kona ya avenue yao mwanamke mmoja akaita, "Mama Didier!" na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mwenye jina hakuitika. Didier akapiga honi kwa niaba yake.

Profesa ameifuta video. Ameifuta kwake, maana telefone za watu hazifuti. Didier analala nyumbani na anakula, lakini na Falone hajaongea bado, na mali ya ndoa ameisogeza mbele bila kusema kwa nini. Cheti hakijatundikwa. Kiko chini ya godoro, na Mama Didier amesema kitakaa hapo mpaka mwenye cheti ajifunze kumwambia kaka yake samahani, kwa lugha ya nyumbani.

Basi wewe mama ambaye mtoto wako anatwanga sombe huku anajifunza lugha ya mbali, furahi, hiyo ni haki yako. Lakini muulize kazi ya mwaka wa mwisho ni nini. Umuulize mapema, na usikubali akujibu kwa Kikorea.