Hakufungwa Popote, Ila Butimba

Sekondari ya Mtakatifu Tarsisi, kule Mkolani, imecheza mpira wa kikapu miaka arobaini na haijawahi kuleta kombe nyumbani. Hilo lililomo kwenye kabati la ofisi ya mkuu ni la kwaya. Limegeuzwa ili maandishi yatazame ukutani, na mgeni akiuliza huambiwa ni la zamani, jambo ambalo si uongo.

Shule kama hiyo ndiyo iliyoamua kufanya jubilei ya kikapu. Padri Elias, mkurugenzi, alikuwa na sababu yake. Mgeni rasmi angekuwa Clavery Mutayoba, nahodha wa timu miaka ya tisini, ambaye siku hizi ana kiwanda cha mabati Nyakato, na mwenye mabati akiamka na moyo mzuri anaweza kuezeka uwanja mzima. Ilibaki kupata mtu wa kuandika historia ya timu na kuisoma mbele ya watu. Kazi hiyo akapewa Mwalimu Jovitus.

Jovitus alifundisha Historia na Kiswahili. Alikuwa kijana wa Muleba aliyehamia Mwanza mwaka juzi, na mpaka leo anawasikitikia wenyeji kwa kutozaliwa Kagera. Mwanafunzi akisema "mpila" alimsimamisha arudie mpaka kengele ilie, ingawa yeye mwenyewe akikasirika alikuwa akitaka kila kitu kifanyike "halaka." Alitaka kitu kimoja tu duniani, kiti cha makamu mkuu wa shule, kilichokuwa wazi tangu Pasaka. Suti ya kukikalia alikwisha kushonesha.

Padri alilijua hilo vizuri. "Mwalimu, ukituandalia historia nzuri, habari ya umakamu tutaimaliza siku hiyo hiyo," alisema. "Ila habari za kufungwa sizitaki. Shule ya Kanisa haifungwi."

Haya, andika historia ya timu iliyofungwa miaka arobaini bila kutaja kufungwa. Mtu mwingine angetupa kalamu. Jovitus alivua koti akaanza. Mwaka ambao vijana walichapwa mpaka refa akaona huruma, aliandika kwamba "walipata uzoefu mkubwa." Mashindano ya shule mbili yakawa "tulitwaa nafasi ya pili." Mwaka ambao timu haikwenda kabisa kwa sababu mpira ulipasuka, aliandika "hatukupoteza mchezo hata mmoja." Hakumwuliza hata mtu mmoja aliyewahi kucheza. Wachezaji, alisema, huharibu historia.

Alipomaliza akampelekea Mwalimu Teodora, apate kusifiwa. Teodora, mama mwenye wajukuu, ndiye kocha wa timu ya wasichana. Aliisoma yote pale ofisi ya walimu huku akila karanga.

"Ni nzuri," alisema. "Ila haina siku mbaya hata moja. Watu watajua tunawadanganya. Weka kufungwa mara moja, kidogo tu, kama chumvi."

Jovitus akaona ni kweli. Akawaza wapi timu ingeweza kufungwa bila aibu, akachagua chuo cha ualimu cha Butimba. Wanachuo ni wanaume wazima wenye ndevu zao, nani angewalaumu vijana wa sekondari? Aliwahi kusikia kwamba akina Clavery walicheza huko. Matokeo hakuyajua, akayakisia. Neno lilikuwa ndilo lile alilokatazwa, lakini akiliweka ndani ya sifa za mgeni, Padri angesema nini? Akaandika: "Nahodha Clavery hakuwahi kufungwa popote, ila Butimba." Alimsomea Teodora kwa sauti huku akitabasamu mwenyewe.

Teodora aliacha kutafuna. "Hiyo hapana, Mwalimu. Kwa hapa Mwanza hatusemi hivyo. Andika walishindwa."

"Mama, michezoni watu hufungwa. Hicho ndicho Kiswahili sanifu, na mimi nimekisomea chuo kikuu."

"Sawa," alisema Teodora, akarudi kwenye karanga zake. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Jambo ambalo Teodora hakulisema, mji mzima unalijua. Butimba kuna chuo, lakini kuna na gereza, na Mwanza ukisema fulani alifungwa Butimba, hakuna anayefikiria mpira. Tena Clavery, kabla ya mabati, alikuwa kwenye samaki. Alikamatwa na makokoro, zile nyavu haramu zinazozoa hadi vifaranga vya sangara, akakaa Butimba zaidi ya mwaka kwa sare ya rangi ya chungwa. Tangu atajirike hakuna aliyemkumbusha.

Siku ya jubilei ukumbi ulijaa, masista mstari wa mbele, wasichana wa timu nyuma wamevaa jezi. Jovitus alisoma vizuri ndani ya suti yake, na watu walisinzia kwa heshima. Alipofika kwenye ile sentensi, usingizi uliisha. Msichana mmoja alipasuka kicheko, mstari wake ukafuata. Sista mmoja alijifunika uso kwa ratiba. Jovitus akadhani wameipenda, akairudia polepole zaidi.

Padri alimvuta koti. "Jela, Mwalimu," alimnong'oneza. "Unamwambia habari za jela."

Clavery alikuwa amekwisha kusimama na kuchukua kipaza sauti. Jovitus aliuona umakamu ukitoka mlangoni.

"Nilifungwa Butimba, ndiyo," alisema Clavery. "Mji mzima unajua, na mji mzima ukikutana nami unaniuliza bei ya bati. Nimekuja hapa nikijua nitadanganywa, na nimedanganywa kweli kweli, mpaka huyu mwalimu akafika kwangu. Ndiye wa kwanza kuniambia usoni, tena mara mbili. Uwanja nitauezeka."

Watu walipiga makofi. Padri, ambaye dakika moja kabla alikuwa akimrudisha Jovitus Muleba moyoni mwake, aliinuka akasema shule ya Kanisa inahitaji watu wakweli wasioogopa sura ya mtu, na kwamba anamtangaza makamu mkuu hapo hapo. Jovitus angeweza kusema: jamani, mimi nilimaanisha mechi. Maneno yalikuwa mdomoni. Akayameza, akainama kushukuru.

Clavery akampa mkono, akamvuta karibu. "Najua ulimaanisha mechi," alimwambia sikioni. "Na hata hiyo huijui. Kule chuoni Butimba tulishinda. Ndiyo mechi pekee ya maana ambayo shule hii imewahi kushinda, na wewe umetufutia."

Watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni kumpongeza Jovitus. Mwalimu Teodora alikuja wa mwisho, wasichana wake wa timu nyuma yake. Alimtazama ile suti toka kola hadi viatuni, kisha akapiga goti kidogo, kama binti mbele ya baba mkwe.

"Shikamoo, Makamu."

"Marahaba," akajibu Jovitus, na wasichana wote wakasikia.