Kadi za Harusi ya Kabiru

Mama Kabiru simpendi, na sitajifanya. Sikumpenda tangu siku ya kwanza alipoingia dukani kwetu hapa Kitale, akaonja chai aliyokaribishwa, akaisukuma kando na kusema imejaa maji. Ni mwanamke wa Endebess, ana mahindi na ng'ombe wa maziwa, na hutembea mjini kana kwamba barabara aliilima yeye. Lakini siku hiyo alikuja na kazi kubwa, kadi za harusi ya kijana wake, na kazi kubwa haifukuzwi kwa sababu ya chai.

Duka ni la Lajwanti. Mbele anauza madaftari na kalamu. Nyuma ndiko tunakokaa sisi wawili, mimi Nyambu na Rosaline, tukitengeneza kadi kwa mkono: za harusi, za pole, za mtoto kuzaliwa, za kuwatakia heri wanafunzi mtihani ukikaribia. Mimi ni wa mihuri na stensili. Nagonga wino, nadonoa rangi kwa sponji kwenye matundu ya stensili mpaka maua yatokee. Rosaline yeye ni wa mashine ya kukatia. Ni kimashine cha mkono tu: unalaza kibati chenye makali juu ya karatasi, unazungusha mpini wake, na upande wa pili karatasi inatoka imekatwa kipepeo, au waridi, au herufi. Mimi nikizungusha inararuka. Rosaline akizungusha, hata ile lesi ya karatasi nyembamba inatoka nzima. Yeye ni wa Bungoma, alipanga chumba kimoja mtaa wa Matisi, na kwa miaka miwili alikuwa msichana wa Kabiru. Ndiyo, Kabiru huyo huyo wa harusi.

Familia za kwetu zilizohamia huku Trans-Nzoia zikija kuagiza kadi huwa na tabia moja. Kadi zinaanza mapema, lakini jina la msichana linaachwa wazi mpaka wazee wa kijana waende kwao na kurudi na jibu. Mazungumzo ya mahari yanaweza kukwama, na hakuna anayetaka kutupa sanduku zima la kadi kwa sababu mjomba fulani alikasirikia mbuzi. Kwa hiyo tunamaliza kila kitu, maua, lesi, jina la kijana, kanisa, tarehe, na katikati tunaacha pengo. Jina la bibi harusi linabandikwa mwisho. Ni jambo la kawaida na hakuna mtu huuliza.

"Huyu ndiye atakata," Mama Kabiru akasema siku hiyo, akimwonyesha Rosaline. "Sitaki mwingine." Halafu akamshika shavu. "Weka roho yako yote hapo, mama. Jina la msichana utaacha kwanza. Wazee bado hawajatoka."

Alipoondoka, Rosaline alikaa chini kwenye bunda la karatasi za manila, akanitazama.

"Nyambu, umesikia? Ameniita mama."

"Nimesikia. Hata yule muuza nyanya hukuita mama."

Hakunijali. Kabiru huleta maziwa mjini kwa pikapu, na akimaliza hupitia mlango wetu wa nyuma. Siku iliyofuata alipita, "niaje, niaje," akachukua ndizi yangu bila kuomba. Rosaline akamuuliza mbele yangu.

"Mama yako alikuja. Ni ukweli basi?"

Kabiru akajikuna shingo. Ni mzuri wa sura, hilo sikatai, lakini kichwani mna ukumbi mkubwa na hakuna viti.

"Mambo ya harusi ni ya mathe, Rose. Wee fanya tu kazi poa ndiyo afurahi."

Akaenda zake. Nikamwambia Rosaline, hilo si jibu, mtu akiulizwa ndiyo au la husema ndiyo au la. Akaniambia nilitaka aseme nini na mimi nimemkodolea macho vile. Tukanuniana mpaka jioni.

Lazima mjue ni kitu gani alikuwa akikitafuta, msije mkamwona mjinga. Mama yake, Sellah, ni mjane huko Bungoma. Ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa umemsema miaka hiyo yote, ati amelea msichana wa kukaa na mwanaume Kitale bure bure, kama kiti cha kuazima. Kila matanga, kila mkutano wa familia, walimrushia hilo neno akiwa amebeba sufuria. Rosaline alitaka wazee waingie kwa mlango wa nyumba ya Sellah wakiwa na kofia zao na mbuzi wao, mama yake awaone watu wa ukoo wakinyamaza. Alitaka Kabiru pia, lakini hilo la wazee ndilo hasa lililomkosesha usingizi. Alimpigia simu mama yake siku ile ile. Sellah alilia, halafu akaanza kupaka ukuta wa nyumba.

Na zile kadi, jamani. Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijaona nyingine kama hizo. Mama Kabiru alitaka zambarau na dhahabu. Mimi niligonga muhuri wa tawi la mzeituni pembeni, nikapaka maua kwa stensili katikati, rangi ikianza nzito na kuisha taratibu. Rosaline akakata lesi ya kuzunguka ukingo, na juu yake mawaridi ya matabaka matatu, kila petali akiikunja kwa mgongo wa kijiko ili isimame. Aliimba akifanya kazi. Kibati kikichoka anakisugua kwa karatasi ya nta, anarudia, haharakishi. Lajwanti alikuja mara kwa mara kutazama, akashika kadi moja kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa na kurudi mbele bila neno. Nilidhani ni sifa.

Kadi zikaisha, zimebaki na pengo tu. Wazee hatujasikia kama wametoka. Asubuhi moja nikafika nikamkuta Rosaline amewahi, amekata herufi za jina lake kwa karatasi ya dhahabu na ameshabandika karibu sanduku lote. ROSALINE NA KABIRU. Zilikuwa zimekaa pale kana kwamba pengo lilipimwa kwa ajili yake.

"Umerukwa na akili," nikamwambia. "Si ungengoja?"

"Nataka akija azikute tayari. Anitazame aone sikumchelewesha hata siku moja."

"Na gundi uliyotumia?"

"Ile nyeupe, ya nguvu."

Nilikasirika sana, kwa sababu ile ikikauka haibanduki bila kutoka na ngozi ya karatasi. Nilimwambia hivyo kwa maneno ambayo sikufundishwa kanisani. Akacheka, akanipa kikopo, akasema nimalizie herufi za mwisho badala ya kuhubiri. Sikumalizia, lakini sikumnyang'anya pia.

Mama Kabiru alikuja kesho yake bila kutuarifu. Kabiru alibaki kwenye pikapu huko nje, tulimwona kupitia mlango akitazama simu. Lajwanti akamletea mgeni kiti na chai, safari hii ya maziwa matupu. Rosaline akaweka sanduku mezani, akalifunua mwenyewe kwa mikono miwili.

Yule mama akatoa kadi moja. Akapitisha kidole juu ya zile herufi za dhahabu, moja moja, mpaka mwisho.

"Huyu Rosaline ni nani?"

Rosaline akatabasamu, akafikiri anataniwa. "Ni mimi, mama."

Mama Kabiru akacheka. Hakucheka kwa hasira, alicheka kutoka tumboni, mpaka akaweka kikombe chini kisimwagike, na mimi nikajua kabla hajasema.

"Na nani alikwambia ni wewe? Wazee wametoka Nyahururu juzi na wamepokelewa vizuri. Msichana anaitwa Wamboi. Baba yake ni mwalimu mkuu."

Rosaline alikuwa bado ameshika kifuniko cha sanduku. "Lakini Kabiru..."

"Kabiru alikuwa anapita tu kwako, mama. Mwanaume hupita mahali pengi."

"Ungeniambia," Rosaline akasema. "Siku ile ulipokuja, ungeniambia."

"Ningekwambia, ungekata hivi?" Akainua kadi kwenye mwanga wa dirisha ili na sisi tuone lile waridi. "Mtu akiwa na uchungu mkono hutetemeka. Mimi nilitaka kazi safi. Na umenipa, sikatai, una mkono mzuri sana."

Nikamgeukia Lajwanti. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa kuelekea mbele, ameshika sahani ya biskuti.

"Mama, ulijua?"

"Jina niliambiwa siku ya kwanza," Lajwanti akasema. "Mteja akisema nyamaza, mimi nanyamaza. Nyambu, usiniangalie hivyo. Mimi nauza karatasi."

Nilimchukia siku hiyo kuliko hata yule mwingine. Huyu tulikula naye mchana kila siku, alijua Rosaline hali pilipili, na alikuwa amesimama pale wiki baada ya wiki akishika zile kadi kwa ncha za vidole.

"Bandua," Mama Kabiru akasema. "Nitangoja."

Akangoja kweli, kwenye kile kiti, na biskuti. Rosaline akachukua wembe, akaanza na R. Kama nilivyosema, gundi ilikuwa imeshika. Kila herufi ilitoka na karatasi, na pale ilipokuwa pakabaki kidonda cheupe. Mama Kabiru akaona akasonya. Ikabidi nikate vipande vyembamba vya manila ya zambarau vya kufunika, na jina jipya lipande juu ya hivyo. Nikasema nitaligonga kwa muhuri, ni haraka. Nilitaka lionekane la bei rahisi, nisiseme uongo.

"Muhuri hapana," akasema. "Nataka likatwe kwa dhahabu, kama lile lilivyokuwa."

"Basi nitakata mimi," nikasema, nikakaa kwenye mashine.

Herufi ya kwanza ikararuka katikati. Ya pili pia. Yule mama akasema hataki mikono yangu kwenye karatasi yake. Rosaline akanisogeza kwa bega bila kunitazama, akakaa, akapanga vibati, W, A, M, B, O, I, akazungusha. Nilikuwa naomba ziraruke. Nilikuwa naomba kwa moyo wote angalau moja itoke imeharibika, tuseme basi, haiwezekani, nenda ukatafute mwingine. Zikatoka safi zote, hazina hata unyuzi. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na yule mama akaguna kwa kuridhika.

Sanduku la kwanza lilipojaa, Kabiru akaitwa abebe. Aliingia na macho yake sakafuni, akajifanya anatafuta mahali pa kushika.

"Ulijua?" Rosaline akamuuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Si ungengoja uambiwe, Rose," akasema. "Ona sasa, umejiletea aibu bure."

Nikamwambia mimi kitu kuhusu uume wake na akili zake ambacho siwezi kurudia hapa. Mama yake akasema nina mdomo mchafu. Kabiru akabeba sanduku akatoka. Hilo ndilo lilikuwa neno la mwisho kutoka kwake, baada ya miaka miwili ya kula ugali Matisi.

Ndipo simu ya Rosaline ikalia mezani, kati ya mabaki ya dhahabu. Ni Bungoma. Aliitazama ikilia, akanisukumia.

"Mwambie wewe. Mimi siwezi."

Nikapokea. Huko upande wa pili kulikuwa na kelele za wanawake, sahani, mtu akicheka. Sellah ana sauti kubwa ya mtu wa shamba. Hata bila kuweka spika, wote tulimsikia. Alitaka kujua wazee wanakuja siku gani, maana shemeji zake wote wako hapo wanasaidia kupaka nyumba na wanauliza. Nilimwambia. Sikuzunguka, sijui kuzunguka. Nilimwambia hakuna wazee wanaokuja, harusi ni ya msichana wa Nyahururu, na kadi zake ndizo tunamalizia saa hii.

Nikasikia akitembea, zile kelele zikawa mbali, mlango ukafungwa.

"Mpe mtoto wangu."

Nikamwekea Rosaline sikioni kwa sababu mikono yake ilikuwa na gundi.

"Mama mkwe wangu ako hapo nje," Sellah akasema. "Shemeji zangu wako hapo. Wamekula kwangu leo wakinisifu. Niwaambie nini?"

"Mama, wacha nije nyumbani. Nitapanda gari leo."

"Usije."

"Mama."

"Usije, Rosaline. Hata Krismasi usije. Wakikuona unaingia na mkoba peke yako watanimaliza. Nitawaambia umeolewa mbali."

"Watajua tu, mama."

"Watajua pole pole. Wewe kaa huko."

Simu ikakatika. Niliendelea kuishika pale sikioni mwake, sikujua niiweke wapi. Nilimtazama Lajwanti, akaanza kupanga madaftari ambayo yalikuwa yamepangwa. Nilitaka mtu apige kelele, na mimi mwenyewe sikuweza.

Mama Kabiru akapangusa makombo ya biskuti kwenye sketi yake.

"Zimebaki nyingi?"

Rosaline akalaza karatasi nyingine ya dhahabu chini ya vibati, akainyoosha kwa kiganja.

"Chache, mama," akasema, akazungusha.